Mwamba Ndani ya Nyumba

Watu wa pwani ya Tanga hawakuanza jana kuuleta mwamba wa bahari majumbani mwao. Anayesimama Tongoni, kusini mwa mji, mbele ya magofu ya msikiti na makaburi yapatayo 40, anatazama matumbawe. Mawe ya kuta ni matumbawe, na chokaa iliyoyashika ni matumbawe yaliyochomwa kwa kuni mpaka yakawa unga. Wajenzi wa zamani walijua kwamba jiwe likitolewa baharini bichi hukatika kwa wepesi, na likikaa juani huwa gumu; ndiyo maana waliweza kulitia nakshi kabla halijakauka. Mazoea hayo hayajafa. Katika sebule nyingi za mwambao, juu ya kabati la vyombo, pana kombe, pana kauri, na aghalabu pana tawi jeupe la tumbawe lililofutwa vumbi vizuri. Mwamba umo nyumbani siku zote, ila umo ukiwa maiti.

Kuuleta ukiwa hai ni shughuli nyingine, nayo ndiyo aliyojitwisha fundi mmoja wa majokofu wa Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara ambazo wenyeji huziita kwa namba. Sababu yake ilikuwa ndogo. Alikwenda na binti yake wa miaka tisa katika soko la samaki la Deep Sea. Mtoto akawainamia vitatange waliokwisha kufifia juu ya meza, akauliza: "Baba, huyu alipokuwa mzima alikuwa na rangi hii hii?" Fundi, aliyezaliwa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka ufukweni, akagundua kwamba hana jibu. Alikuwa amewala samaki wa mwambani maisha yake yote. Aliwajua kwa ladha na kwa bei. Aliye hai hakupata kumwona hata mmoja.

Hali hiyo haikuwa yake peke yake. Wako watu wengi wa mwambao wanaoijua bahari kwa harufu na kwa upepo tu. Mvuvi huzamia, mgeni huvaa miwani akachungulia, mtaalamu hushuka na daftari lake. Mke wa mvuvi na mwanawe humpokea samaki akiwa ndani ya ndoo. Lugha nayo yashuhudia. Sikio la Mswahili husikia jiwe ndani ya neno tumbawe, na ni wachache waliofundishwa kwamba tumbawe ni jamii ya wanyama wadogo mno, kila mmoja na mdomo wake na mikono yake, wanaojijengea jiwe chini yao kwa chokaa waliyoichuja katika maji. Ndani ya miili yao hukaa mwani wa chembe moja moja, ambao hupika chakula kwa mwanga wa jua na kumlipa mwenyeji wake sehemu kubwa ya riziki. Rangi ya tumbawe, mara nyingi, ni rangi ya wapangaji hao.

Fundi alitaka tangi la kioo. Lakini kabla ya kioo palikuwa na swali la haki: je, anayeupenda mwamba aanze kwa kuubomoa? Swali hilo lina historia. Mtindo wa kufuga viumbe wa bahari ndani ya kioo ulienea Uingereza katika miaka ya 1850, hasa baada ya Philip Henry Gosse kuchapisha kitabu chake The Aquarium mwaka 1854. Gosse aliwapenda viumbe hao kwa dhati, na akawafundisha wengine kuwapenda. Wasomaji wake wakamiminika ufukweni na ndoo na patasi. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund Gosse, alieleza katika Father and Son jinsi vidimbwi vya mwambani vya pwani ya Devon, alivyovijua utotoni vikiwa vimejaa uhai, vilivyokombwa na umati ule. Mapenzi nayo huvua.

Siku hizi umati huo hauhitaji hata kufika ufukweni. Kutoka pwani ya Kenya, jirani kabisa na Tanga, samaki wa mapambo wamekuwa wakisafirishwa kwa miongo mingi kwenda kupamba sebule za ng'ambo. Matumbawe ya mawe yamewekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, na biashara yake nje ya nchi yahitaji kibali. Fundi alikwenda kwa ofisa wa uvuvi kabla hajagusa kitu, akaambiwa bila kuzungushwa kwamba tumbawe hai haling'olewi. Samaki aliyevuliwa kwa halali angeweza kumnunua kama anunuavyo mtu yeyote.

Basi akayafinyanga mawe yake mwenyewe. Alichanganya saruji na makombe yaliyopondwa, akatia punje za chumvi ya mawe ili zikiyeyuka ziache matundu ya kujifichia viumbe. Kisha akayaloweka katika pipa la maji baridi kwa miezi miwili, akiyabadilisha maji kila baada ya siku chache, kwa kuwa saruji mpya hutoa ukali unaounguza viumbe wa majini. Tangi lenyewe lilikuwa na urefu wa sentimita 90, upana 45 na kina 45. Ukubwa huo huchukua lita 180 na ushei, na uzito wake hupita ule wa magunia matatu ya saruji. Hivyo aliliwekea kitako cha chuma kilichochomelewa na jirani.

Hapo ujuzi wake mwenyewe ukamtega. Katika nchi za baridi mwenye tangi hununua chombo cha kupasha maji joto. Tanga shida ni kuyapoza. Mikono ya fundi wa majokofu humwelekeza kwenye mrija wa shaba, naye alikuwa nao wa kutosha. Lakini shaba, hata kidogo tu ikiyeyuka majini, ni sumu kwa kaa, kwa konokono na kwa matumbawe. Kwa bahati alikuwa amesoma habari hiyo kabla ya kulehemu. Akafunga feni mbili za kupuliza uso wa maji, zipunguze joto kwa nyuzi moja au mbili. Maji yanayoruka kwa upepo huo huacha chumvi nyuma, na anayefidia kwa maji ya bahari huzidi kuikoleza. Kwa hiyo kila asubuhi tangi lilitaka jagi la maji ya mvua yaliyokingwa kutoka batini. Mtoto ndiye aliyepewa kazi ya jagi.

Katika mambo aliyoyasoma, lililomtia moyo zaidi lilitoka kwenye pwani nyingine ya joto. Lee Chin Eng, mkazi wa Jakarta, alieleza mwaka 1961 namna alivyofuga samaki na matumbawe bila mitambo mikubwa: maji halisi ya bahari, mawe yenye viumbe hai, mwanga wa jua, na mapovu ya hewa. Alikuwa mtu aliyeishi karibu na bahari kama yeye, akaacha viumbe wasioonekana wafanye kazi ambayo wengine waliinunulia mashine.

Maji aliletewa na mzee mmoja mvuvi wa Sahare. Ghubani hayakufaa, maana Mto Zigi na Mto Mkulumuzi huleta matope, na mji nao una taka zake. Mzee aliyachota nje ya Kisiwa cha Yambe, maji yakiwa yamejaa, katika madumu ya lita 20.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Haya, pokea. Watu wananunua maji ya kunywa, wewe wanunua ya chumvi."

Mkono wa kushoto wa mzee huyo una vidole viwili. Hakupata kueleza, na Tanga hakuna anayehitaji kuelezwa.

Maji yakatiwa, mawe yakapangwa, pampu ikaanza kunguruma. Kisha ikafuata kazi iliyo ngumu kuliko zote: kutokufanya kitu. Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula huoza na kutoa amonia, ambayo huua. Wapo bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni hatari. Na wapo wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, iliyo na madhara machache zaidi. Bakteria hao hawaji kwa amri. Huzaana taratibu juu ya kila jiwe na kila chembe ya mchanga, na makundi hayo mawili huchukua majuma manne mpaka sita kukamilika. Fundi aliweka kipande cha kamba kioze, ili wapate cha kuanzia, akawa anapima kila siku kwa vichupa alivyoletewa na jamaa yake wa Maskati. Mkewe alimuuliza kama umeme utalipiwa maji matupu mpaka lini. Mzee wa Sahare, kila alipopita, aliuliza neno moja: "Bado?" Akajibiwa: "Bado, mzee."

Juma la sita mzee alikaa kitako mbele ya tangi kwa muda mrefu. "Siku 40," alisema, "na hujatia hata dagaa." Hakuna aliyejua kama alikuwa akicheka.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vyaundwa. Walikuwa wakisema juu ya vyombo, lakini neno lao linamfaa zaidi samaki. Kila kitu ambacho fundi alikifanya kwa pampu, feni, jagi na vichupa, mwamba hukifanya wenyewe, usiku na mchana, bila bili. Bamvua huyabadilisha maji yake. Kusi huyapoza. Pono huukwangua mwani uliozidi, jongoo bahari husafisha mchanga, kaa hula mizoga. Mtu akiviondoa hivyo kimoja kimoja na kujaribu kuvifanya kwa mkono wake, ndipo anapoelewa kwamba mwamba si mahali tu penye samaki. Ni kazi isiyosimama, na samaki ni ujira wake.

Wakaja wakazi wa kwanza: vijisamaki vitatu vya buluu, kila kimoja na urefu wa kidole cha mwisho, vilivyonaswa kwenye kidimbwi maji yalipokupwa. Kitatange hakuja. Fundi alikuwa amekwisha kujifunza kwamba baadhi ya vitatange chakula chao ni matumbawe hai, na wakitiwa katika tangi lisilo nayo hufa njaa huku wakitazamwa. Kwa hiyo samaki aliyeulizwa na mtoto ndiye aliyekuwa hawezi kuletwa. Mtoto aliridhika na vya buluu kwa muda. Aligundua kwamba usiku rangi yao hufifia, asubuhi ikarudi; akamwambia baba yake kwamba rangi ya samaki haikai kama rangi ya kanga.

Mwezi wa tisa kikatokea ambacho hakikununuliwa. Juu ya jiwe mojawapo la saruji palionekana doa la hudhurungi, dogo kama punje ya dengu. Chini ya kioo cha kukuzia lilikuwa na vijikombe, na ndani ya kila kijikombe duara la mikono laini iliyofunguka na kufunga. Yako matumbawe ambayo huachia vifaranga vyao majini, vinavyoogelea mpaka vipate pahali pa kushika. Kimoja kilikuwa kimeingia ndani ya dumu la mzee, kikalikubali jiwe lililofinyangwa Ngamiani. Fundi hakulala vizuri usiku huo. Kilichokuja bila kung'olewa kilikuwa sasa dhamana yake.

Kufikia Machi iliyofuata punje ilikuwa imefikia ukubwa wa kunazi. Machi ni mwezi mgumu: kaskazi imekwisha, kusi haijaanza, hewa imesimama na bahari imepata moto. Umeme ukakatika magharibi, na ulirudi kesho yake adhuhuri. Feni zikanyamaza na pampu ikanyamaza. Maji yaliyotulia huishiwa hewa, na kipimajoto kikapanda kutoka 29 mpaka 31, kisha 32. Nyumba nzima iliamka. Mke wa fundi alipata chupa za barafu kwa muuza duka mwenye jenereta; mtoto alishika tochi; mzee wa Sahare, aliyekuwa amekuja kuleta maji akazuiwa na usiku, alichota kwa jagi na kumimina kutoka juu ili maji yapate hewa, akibadilisha mkono wa vidole vitano na wa vidole viwili. Walipokezana mpaka asubuhi.

Samaki mmoja alikufa. Tumbawe lilikuwa zima, lakini katika siku zilizofuata likaanza kupauka, mpaka likawa jeupe kama lile la juu ya makabati. Tumbawe likizidiwa na joto huwapoteza wale wapangaji wake wa mwani, na likiwapoteza hubaki na njaa. Laweza kuishi hivyo kwa muda, likingoja wengine. Baada ya majuma matano nusu yake ilirudia hudhurungi. Nusu ya pili ikafunikwa na ukungu wa kijani, haikurudi.

Mzee alipoelezwa habari hiyo aliuliza swali moja. "Na kule, nani anatia barafu?"

"Kule hapatiwi barafu, mzee."

Mwaka 1998 joto la El Niño liliyapausha matumbawe ya Bahari ya Hindi ya magharibi, na mengi yakafa. Mwaka 2016 likarudi, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba upaukaji umeenea tena katika bahari za dunia kwa mara ya nne. Mvuvi wa Kigombe hana feni ya kuuelekezea mwamba wa Kitanga. Analoliweza ni lile lililo karibu na mkono wake, na historia ya Tanga ni historia ya mkono huo. Baruti ilianza kutumika kuvulia katika maji ya Tanzania tangu miaka ya 1960, na sheria ya mwaka 1970 iliikataza bila kuikomesha. Kuanzia mwaka 1994, chini ya mradi wa hifadhi ya mwambao wa Tanga, vijiji vilikaa na maofisa, vikagawana maji katika maeneo sita ya usimamizi, na baadhi ya miamba ikafungwa ipumzike. Mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, kwa jina la samaki wa kale wa kilindini ambaye wavuvi wa Tanzania walianza kumnasa katika majarife mwaka 2003. Milipuko ilirudi mara nyingine, kisha ikapungua sana baada ya msako wa vyombo vya dola ulioanza mwaka 2016.

Hesabu ya tangi huifanya habari hiyo isomeke upya. Siku 40 kwa bakteria. Miezi tisa kwa punje ya dengu. Tumbawe la duara hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Lenye kimo cha mita moja lilianza zama ambazo Mwingereza alikuwa akiipokea Tanganyika kutoka kwa Mjerumani. Chupa moja ya baruti hulimaliza kwa mpigo mmoja, na vifusi vyake huviringishwa na mawimbi miaka mingi, hata vifaranga vipya visipate pahali pa kushika. Aliyelilinda tumbawe la ukubwa wa kunazi kwa usiku mmoja hahitaji kuhubiriwa juu ya hilo. Yumkini ndiyo faida pekee ya kweli ya tangi. Haliokoi mwamba, wala halikusudii. Humpa mtu mmoja, ndani ya nyumba yake, kipimo cha kile ambacho bahari imekuwa ikikitoa bila kudai.

Tangi bado lipo. Jioni, watoto wa barabara hiyo wakitoka chuoni, huja kuchungulia kile kipande kilicho nusu hai, na mzee wa Sahare, akiwapo, huwatajia majina ya samaki ambao hawamo. Ni yeye aliyesema, siku moja, kwamba kitatange asiyefugika hafuatwi kwa ndoo. Siku ya maji kupwa ya bamvua, bahari ikiwa shwari, alimchukua fundi na bintiye kwa ngalawa mpaka ukingo wa mwamba, wakaazima miwani ya kuzamia. Mtoto alishikwa mkono, akainamisha uso majini. Alikaa hivyo kitambo.

Alipoinua kichwa hakusema neno juu ya rangi. Aliuliza kwa nini wanatembea wawili wawili.